Nyuma ya Ndovu Mtiifu

Kisumu ina viboko, lakini haina ndovu. Viboko wako Dunga, na usiku hupanda nchi kavu kula nyasi na, wakibahatika, sukuma za mama fulani. Swala pala wana hifadhi yao ndogo kando ya ziwa, iliyotengwa mwaka 1992. Chatu hatujawakosa, yule wa Nyakach aliyeitwa Omweri alijaza kurasa za magazeti mwaka 2003. Ndovu wa porini ukimtaka utafunga safari: kusini hadi Trans Mara na Maasai Mara, au kaskazini hadi Mlima Elgon, ambako huingia mapangoni gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Hata Mbuga ya Ruma, kule Bonde la Lambwe, ina twiga na vifaru, lakini ndovu hamna.

Pamoja na hayo, watoto wa Kisumu wa rika langu tulimjua ndovu kuliko tulivyomjua kiboko. Kiboko tulimwogopa, basi. Ndovu tulijua anapiga saluti kwa mkonga, anasukuma gari lililogoma, anachunga mtoto mchanga, na akiumia moyo analia machozi. Yote hayo tulifunzwa na filamu moja ya Kihindi, Haathi Mere Saathi, iliyotoka mwaka 1971 na kurudishwa mara kwa mara katika sinema za mjini kwetu. Rajesh Khanna anaigiza Raju, mtoto aliyeokolewa na ndovu wanne kutoka kwenye makucha ya chui. Raju anapofilisika anaingia barabarani na ndovu wake kufanya maonyesho, watu wanatupa sarafu, naye anainuka upya. Mkewe anaanza kumwogopa Ramu, ndovu mkuu, kwa ajili ya mtoto wao. Mwishowe Ramu anakufa kwa risasi, Mohammed Rafi anaimba, na ukumbi mzima unalia, Wahindi kwenye viti vya nyuma vya bei ghali na sisi kule mbele ambako shingo ilikuuma hadi Jumanne.

Kihindi hatukukijua. Alikuwepo kaka mmoja wa mtaani aliyefanya kazi dukani, akiketi katikati yetu na kututafsiria kwa sauti, malipo yake njugu. Ninaamini nusu ya maneno aliyatunga. Lakini ujumbe ulifika: mnyama humtii mtu kwa sababu anampenda. Hatukujiuliza ni nani aliyesimama pembeni ya kamera akimwonyesha Ramu pa kukanyaga. Jina la Rajesh Khanna lilikuwa kwenye bango kwa herufi za kutosha kusomeka ng'ambo ya barabara. La mfunzaji wa ndovu hatukulijua, wala hatukulitafuta.

Tangu siku hizo nimeona maonyesho ya aina nyingi na nimekutana na watu walio nyuma yake, na neno nililobaki nalo ni moja. Ukitaka kuelewa utiifu wa mnyama, usikazie macho kile anachofanya. Uliza ametengwa na nani, kisha uliza kama ana pa kurudi.

Jumapili, soko la Kibuye likijaa hadi barabarani, alikuwa akija mtu mwenye chatu. Biashara yake hasa ilikuwa dawa: mizizi, magome, unga mwekundu uliofungwa kwenye vipande vya gazeti, tiba ya mgongo na ya mambo ya chumbani. Chatu alikuwa wa kuitia watu. Alimtoa guniani amejikunja, akajivika shingoni, akasema maneno mengi, kisha akamwamuru atusalimie. Jua lilikuwa limekwisha kumpasha joto, kwa hiyo chatu aliinua kichwa, na sisi tukapiga makofi. Watu wazima walinong'onezana kwamba ameng'olewa meno. Ninachokumbuka ni kwamba mtu yule hakunyamaza hata kidogo. Maonyesho mengi ya wanyama yako hivyo: mnyama anafanya jambo dogo ambalo angelifanya hata bila kuambiwa, na mdomo wa mwenyewe unalikuza.

Mamboleo mambo yalikuwa mengine. Siku hizi pale pana uwanja wa michezo, ule uliofunguliwa kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Zamani zetu ulikuwa uwanja wa maonyesho ya kilimo, ASK, na shule zilimwaga watoto huko kutoka kwenye malori. Tulipita mbio kwenye mabanda ya mbegu na ng'ombe wa maziwa ili tuwahi mbwa wa polisi. Mbwa aliruka ndani ya pete ya moto. Alipanda ukuta wa mbao. Alimfukuza “mwizi” aliyefungwa gunia nene mkononi, akamdaka, akaning'inia pale hadi askari aliposema neno moja, akaachia. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na kamba, na kilichonishika ni macho ya mbwa yule. Umati unapiga vigelegele, bendi inajiandaa kwa zamu yake, mtoto ameangusha soda miguuni pa mwalimu, na mbwa haoni hata kimoja kati ya hivyo. Anamtazama askari wake: uso, mkono wa kulia, uso tena. Watu tulikuwa maelfu. Kwake alikuwepo mmoja.

Lakini mfunzaji wa kwanza niliyemjua vizuri alikuwa babu yangu, mkulima wa Kano. Udongo wa Kano ni mweusi; ukilowa unanata, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, na jembe la mkono linakushinda kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo watu hulima kwa ng'ombe. Babu alichagua madume wawili wa kimo kimoja, wakahasiwa, wakaachwa wapone na kukomaa, ndipo kazi ikaanza. Maksai mchanga hakufungwa nira na mchanga mwenziwe. Alifungwa na Rateng', maksai mweusi mzee, aliyelima misimu mingi hata kamba zikamchora alama kwenye pembe. Mwanzoni walivuta gogo tu, bila plau. Mchanga akirusha mateke, Rateng' alisimama. Mchanga akilala chini na kukataa kuinuka, Rateng' alisubiri huku akicheua. Nilimuuliza babu kwa nini hampigi.

“Nyakwara,” mjukuu wangu, aliniambia, “nikimpiga atashika mjeledi. Mimi nataka amshike Rateng'.”

Mjeledi ulikuwepo, sitampamba babu. Mara nyingi ulilia hewani, na siku nyingine ulitua mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kutangulia nimeshika kamba, miguu mitupu matopeni, pua zikinihemea kisogoni. Nilijifunza kwamba maksai wa kushoto ni wa kushoto hadi mwisho wa maisha yake. Ukimhamisha anapotea kabisa, kama vile hajawahi kuona shamba. Nilijifunza pia kwamba babu hakulima jua likishapanda. Saa nne hivi alisema basi. Nira ilitolewa, naye akapitisha kiganja shingoni kutafuta mchubuko. Akiupata anaupaka samli, na maksai huyo hafungwi tena hadi apone. Kisha aliwapiga kofi la matakoni na kuwaachilia waende mtoni kwa ng'ombe wenzao. Walikwenda mbio. Yule mchanga, aliyekuwa akikataa kutembea asubuhi nzima, ndiye aliyetangulia, maana mama yake alikuwa kwenye kundi lile.

Jambo hilo sikulipa uzito wakati ule. Nilikuja kulikumbuka nikiwa mbali.

Miaka ya 1980 ikielekea ukingoni nilikwenda kusoma Pune, India, kama vijana wengi wa Kenya waliobanwa na uchache wa nafasi katika vyuo vikuu vya nyumbani. Sarakasi ilipopiga hema mjini tukaenda kundi zima la Wakenya, na mimi nilikuwa wa kwanza kununua tiketi, maana mwenyewe nilikuwa nakwenda kumwona Ramu. Ndovu waliingia kwa mstari, kila mmoja ameshika mkia wa aliyetangulia. Mmoja aliketi juu ya pipa la chuma na kukunja miguu ya mbele. Wawili walicheza kriketi: huyu anarusha mpira, yule anaupiga kwa gongo lililoshikwa na mkonga, na hema linalipuka kwa kelele. Kisha jike mkubwa alipiga magoti mbele ya jiwe la mungu Shiva, akagonga kengele, akalimwagia maji, na watu wale wale waliokuwa wakicheka wakaunganisha viganja kwa heshima. Mwisho wakapiga saluti. Ilikuwa saluti ile ile.

Kesho yake asubuhi nilirudi na rafiki yangu wa darasani, mwenyeji, tukazunguka nyuma ya hema. Ndovu walikuwa wamefungwa minyororo mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, na karibu wote waliyumba, kushoto kulia, kushoto kulia, bila muziki wowote. Kando ya yule jike palikuwa na kitanda cha kamba, na kando ya kitanda palikuwa na mzee aliyekuwa akimsugua ubavuni kwa kumbi la nazi, polepole, akizungumza naye kwa sauti ya chini. Jike alikuwa amelala kwa ubavu na macho ameyafumba nusu. Juu ya kitanda palikuwa na fimbo fupi yenye ncha ya chuma na ndoana. Mzee alituonyesha kwa kidole mahali inapotumika: nyuma ya sikio, kwenye mkunjo wa mguu, chini ya kidevu. Ngozi ya nyuma ya sikio ilikuwa na makovu madogo madogo, mengine ya zamani, mengine mabichi.

Hakuficha kitu. Alisema ndovu yule aliletwa ndama, akafungwa kati ya nguzo, akanyimwa chakula na usingizi hadi alipokubali kupokea sukari guru kutoka mkononi mwake. Baada ya hapo yaliyobaki ni mazoezi. Nilimuuliza lile swali la filamu: anakupenda? Rafiki yangu alitafsiri. Mzee aliacha kusugua, akafikiri, akajibu kwamba ndovu huyu hana mtu mwingine. Kisha akaongeza kwamba hata yeye hana. Alitoka upande wa Thalassery, mji wa Kerala ambako Keeleri Kunhikannan alifungua shule ya sarakasi mwaka 1901 na ambao kwa miongo mingi ulilisha mahema ya India nzima kwa wanasarakasi. Aliondoka kwao mtoto. Alikuwa akilala hatua chache kutoka kwa ndovu huyo tangu wote wawili wakiwa vijana.

Tulipokuwa tukiondoka tuliwapita wasichana wa bembea za juu wakianika nguo kwenye kamba za hema. Rafiki yangu aliniambia wengi wao wanaletwa kutoka Nepal wakiwa wadogo, na kwao hawapakumbuki tena. Miaka ilipita. Mwaka 1998 serikali ya India ilipiga marufuku sarakasi kutumia simba, chui, dubu na nyani. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru watoto wasiajiriwe kwenye sarakasi. Katika hema moja, dubu alipata sheria ya kumlinda miaka 13 kabla ya mtoto.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma habari za ndovu wa maonyesho, na kila nilipogeuza ukurasa nilimkuta mzee yule wa Pune kwa jina jingine. Ndovu mashuhuri kuliko wote alikuwa Mwafrika. Jumbo alikamatwa ndama upande wa mpaka wa Sudan na Uhabeshi mwanzoni mwa miaka ya 1860, akafika London mwaka 1865 akiwa mgonjwa. Aliyemuuguza akapona ni Matthew Scott, na kuanzia hapo hakuna mwingine aliyemmudu. Bustani ya wanyama ya London ilipomuuza kwa mwenye sarakasi P. T. Barnum wa Marekani mwaka 1882, watoto wa Uingereza walimwandikia Malkia Victoria, yule yule ambaye ziwa letu lilibandikwa jina lake, wakimsihi azuie. Hakuzuia. Barnum alilazimika kumchukua Jumbo pamoja na Scott. Mwaka 1885 Jumbo aligongwa na treni huko St. Thomas, Kanada, akafa, na Scott alikuwa naye hadi dakika hiyo. Historia inawaita ndovu maarufu na mlezi wake. Mimi nawaona viumbe wawili ambao kila mmoja alikuwa amebakiwa na mwenzake tu.

Kwetu huku ndovu wa kufunzwa waliletwa kwa kazi, si kwa maonyesho, ingawa mwenye kuwaleta alitaka dunia ione. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwatuma ndovu wanne wa India na wachunga wao, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, ili waoneshe kwamba wanaweza kubeba mizigo hadi Ziwa Tanganyika badala ya wapagazi. Msafara uliongozwa na Frederick Carter. Ndovu walikufa mmoja baada ya mwingine. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakudumu. Carter mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata akiwa njiani kurudi pwani.

Leopold hakukata tamaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Api kaskazini mwa Kongo, afisa wake Jules Laplume alianza kufunza ndovu wa Kiafrika, kazi ambayo wengi walidai haiwezekani. Baadaye kituo kilihamia Gangala-na-Bodio, pembeni mwa eneo lililofanywa Mbuga ya Garamba mwaka 1938. Wachunga walikuwa vijana wa huko huko, Wazande. Kundi la ndovu lilifukuzwa kwa milio ya bunduki, ndama akanaswa kwa kamba, kisha akafungwa kwenye ndovu wakubwa waliokwisha kuzoea, nao wakamkokota hadi kambini na kumtuliza. Akikua anavuta mkokoteni na plau.

Nilipofika hapo nilimwona Rateng' waziwazi. Ni ufundi ule ule: mchanga humfuata mzee wa aina yake kuliko anavyomfuata mtu. Tofauti ni moja, lakini ni kubwa kuliko shamba lote la babu. Maksai wetu mchanga alifungwa nira asubuhi na saa nne akaenda kwa mama yake. Ndama wa Gangala alitulizwa na ndovu wazee waliokuwa mateka kama yeye, na mama yake alikuwa amefukuzwa kwa bunduki.

Je, njia ya kurudi ikishafungwa inaweza kufunguliwa? Mmarekani mmoja, Randall Moore, alijaribu. Alikuwa mfunzaji wa ndovu wa sarakasi, na mwenye ndovu alipofariki yeye akabaki nao mikononi. Badala ya kuwauza aliamua kuwarudisha Afrika. Alianzia Kenya, haikufaulu. Mwaka 1982 majike wawili, Durga na Owalla, waliachiwa Pilanesberg, Afrika Kusini, na ndovu hao waliozoea taa na ngoma za sarakasi wakaishi porini kwa miaka mingi. Pilanesberg hiyo hiyo ilitoa somo la pili. Ililetewa pia ndovu wachanga, mayatima wa operesheni za kupunguza ndovu za Kruger. Madume walipobalehe bila mzee wa kuwaonya, wakaanza kuua vifaru, jambo ambalo wataalamu walishangaa kuliona. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger, na mauaji yakakoma. Hakuna mtu aliyeshika fimbo yenye ndoana. Wazee walirudi, adabu ikarudi.

Nairobi kuna watu wanaofanya kazi hiyo kila siku, na ninapendekeza kila mzazi awapeleke watoto wake. Kituo cha mayatima cha Sheldrick, pembeni mwa Mbuga ya Nairobi, hufungua lango kwa saa moja tu adhuhuri ikikaribia. Ndama wanatoka kichakani mbio, masikio yametanda, kila mmoja anamjua mlezi wake na chupa yake. Hakuna pipa la kukalia, hakuna saluti. Walezi wamevaa makoti marefu ya kijani na kofia, na usiku wanalala ndani ya mabanda, kitanda juu na ndovu chini, wakiamka kila baada ya saa chache kunywesha maziwa. Ukitazama haraka utasema ni mzee wa Pune tena. Lakini kuna mpango uliofichika: mlezi hakai na ndama mmoja usiku baada ya usiku. Wanabadilishana kwa makusudi, ili ndama asimgande mtu mmoja.

Mpango huo ulizaliwa na msiba. Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi kupata maziwa ambayo tumbo la ndovu mchanga linaweza kuyapokea, na mafuta ya nazi yalikuwa sehemu ya jibu. Mwaka 1974 alifanikiwa kumkuza ndama aliyeitwa Aisha. Kisha akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake. Aisha, aliyekuwa amemjua yeye tu kama mama, alikataa kula, akafa. Daphne alilieleza jambo hilo mwenyewe bila kujitetea, na kazi yote iliyofuata ilijengwa juu yake: ndama apendwe na wengi, kisha apelekwe Tsavo, kwa mayatima waliomtangulia, na hao wamfundishe kuwa ndovu. Hawafungwi. Anayetaka kulala porini analala porini. Baadhi huja kuwatembelea walezi wao baada ya miaka, wakiwa na watoto waliozaliwa huko huko.

Nikiwapeleka wajukuu katika hifadhi yetu ya Kisumu, wakasimama mbele ya kizimba cha simba, swali lao la kwanza kwa mlinzi ni lile lile: “Anafanya nini?” Wanataka tukio, wanataka angurume kwa amri. Siwalaumu, nimelelewa na Rajesh Khanna. Huwaambia waulize swali jingine: alitoka wapi, na angeachiwa leo angekwenda kwa nani?

Swali hilo nimekuja kuliuliza nje ya vizimba pia, na hapo ndipo linapouma. Nimekaa sebuleni mwa watu wengi wa mji huu, mitaa ya Milimani, Migosi, Tom Mboya, nikaletewa chai na msichana wa kazi aliyetoka mashambani akiwa na miaka kumi na kitu. Anaweka kikombe, anarudi nyuma hatua mbili, anasubiri. Wageni tuko sita, wengine wanamshukuru, televisheni inapiga kelele. Yeye anautazama uso wa mwenye nyumba tu. Mwenye nyumba hutabasamu na kutuambia, “Huyu ni mtiifu ajabu. Hata kwao hataki kwenda.” Nimesikia sifa hiyo kuhusu vijana wanaofunzwa ufundi kwenye gereji, wanaolala kwa bosi wao na kula kwa bosi wao bila kushika shilingi. Nimeisikia kuhusu mtoto wa marehemu dada anayelelewa na shangazi. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na sisi watu wa ziwa tunajua samaki kweli, lakini methali hiyo haisemi tunamkunja ili awe nini, wala kwa ajili ya nani.

Sisemi wenye nyumba hao ni wakatili. Mzee wa Pune hakuwa mkatili. Alimsugua ndovu wake kwa upole ambao sijauona kwenye ndoa nyingi. Ubaya haukuwa mkononi mwake tu. Ulikuwa kwenye mpangilio wenyewe: ukimwondoa kiumbe kwa wote aliowajua, ukabaki wewe peke yako kuwa mlo wake, usingizi wake na lugha yake, atakutii hata ukiwa mpole kupita kiasi, na utiifu huo hautakuambia lolote kuhusu wema wako. Ndiyo maana hauwezi kuwa ushahidi. Mfunzaji mwema na mfunzaji mbaya hupata saluti ile ile.

Kinachowatofautisha ni yale aliyoyafanya babu saa nne asubuhi. Kazi iwe na mwisho wake kila siku. Mtu akaguliwe shingo, na aliyechubuka apumzishwe. Awe na wenzake wa kwenda kwao, na njia ya kwenda isipitie mfukoni mwako. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, wa nyumbani akiwemo, siku moja ya kupumzika katika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Haikuandikwa na mchunga ng'ombe, lakini babu angeielewa mara moja.

Kwa hiyo mtu akinisifia msichana wake kwamba ni mtiifu na kwao hataki kwenda, sibishani naye. Namwambia amlipe mshahara wake mkononi mwisho wa mwezi, ampe nauli ya kwenda na kurudi, amsindikize stendi Ijumaa jioni, na asimpigie simu. Jumatatu akirudi mwenyewe, hapo mwenye nyumba ana haki ya kujisifu.